Anasikia, lakini hasikii

Mwaka juzi wageni wa posa walifika nyumbani kwa dada yangu saa sita mchana, kama walivyoahidi, wakamkuta mwenye nyumba hayupo. Shemeji alikuwa ametoka kwenda kutafuta viti vya kuongezea, tena bila haraka, kwa sababu yeye alijua wageni wanakuja saa tisa. Dada aliapa kwamba alimwambia saa sita. Na kweli alimwambia, ila alimwambia akiwa jikoni, amempa mgongo, mafuta ya sambusa yanachacharika kwenye karai na feni ya kuvuta moshi inanguruma juu ya jiko. Shemeji akaitikia kutoka sebuleni, "Sawa, nimesikia." Wazee walipokuwa wameketi wakimsubiri, dada alinivuta pembeni akaniambia kwa uchungu: "Huyu mtu hasikii. Anasikia anachotaka."

Shemeji si kiziwi, na ana karatasi ya kuthibitisha hilo. Aliingia jeshi la Marekani mwaka 2010 kupitia mpango wa MAVNI, ule ulioanzishwa mwishoni mwa 2008 na kusimamishwa 2016, uliokuwa ukichukua wahamiaji wenye utaalamu wa tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alipelekwa Afghanistan, akarudi na viungo vyake vyote, akajenga maisha yake karibu na Dallas. Miaka michache baadaye alianza kulalamika kwamba mazungumzo yanampita. Akapimwa masikio. Mpimaji akamwonyesha chati, akamwambia yako sawa kabisa, nenda nyumbani. Ile karatasi ilimuumiza kuliko tatizo lenyewe. Kama masikio ni mazima, aliniambia, basi mbovu ni mimi.

Tangu siku ya ile posa nimesoma sana habari hii na kuwauliza wanaoijua, na nilichokiona ndicho kinachonifanya niandike: karatasi ilisema kweli, dada alisema kweli, na shemeji naye alisema kweli. Wote watatu walikuwa wanazungumzia vitu tofauti, ila kwa neno moja.

Neno lenyewe ni kusikia, na sisi tumelibebesha mengi. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Na mtoto asiyetii tunasema hasikii. Sikio la kufa halisikii dawa; asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kinywa cha Mswahili, kutosikia kumeshakuwa kosa la tabia kabla hata ya kuwa hali ya mwili. Kwa hiyo mke akisema "mume wangu hasikii", majirani hawaulizi ni sikio lipi. Wanamwonea huruma mke.

Kuna jambo jingine la kwetu linaloficha tatizo hili, na nililigundua kwa kumtazama shemeji akiwa na watu. Salamu zetu ni ndefu na kila mtu anazijua kwa moyo. Hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, za kazi, za siku nyingi. Shemeji huzijibu zote bila kukosea hata moja, kwa sababu hahitaji kuyasikia maneno. Wimbo wake tu unatosha. Mgeni anaketi akiamini anaongea na mtu anayesikia vizuri. Salamu zikiisha, mazungumzo yakaingia kwenye kiwanja kilichouzwa Kibaha au mtoto wa fulani aliyekwama airport, shemeji anaanza kutabasamu na kuitikia "mm, mm, kumbe". Ukiyajua macho yake utaona kwamba ameshaachwa njiani.

Kile chumba kinapima nini

Kipimo cha kawaida cha masikio hufanyika ndani ya kibanda kilichozibwa sauti. Unavaa vipokea sauti, unashika kitufe, na kila ukisikia mlio, hata kama ni mdogo kama sindano, unabonyeza. Milio huanza mizito, ya mitetemo 250 kwa sekunde, hadi myembamba ya mitetemo 8000. Mpimaji anaandika sauti ndogo kabisa unayoweza kuinasa katika kila daraja. Kwa kawaida mtu mzima anayenasa milio yote bila kuhitaji kupandishiwa sauti kupita desibeli 25 huhesabiwa kuwa na usikivu mzuri.

Sikidharau kipimo hiki. Ndicho kinachoonyesha lile bonde linalojulikana sana kwa askari na wafanyakazi wa viwandani, pale usikivu unapodidimia karibu na mitetemo 4000 huku pande nyingine zikiwa nzima. Askari yeyote aliyewahi kupiga risasi bila vizibo anastahili kupimwa hivyo. Lakini tazama yasiyokuwemo chumbani. Hamna neno hata moja, hamna kelele, wala mtu wa pili anayedakia maneno ya mwenzake. Kipimo kinauliza swali moja tu: je, mlio umefika? Hakiulizi kama ubongo umeweza kuugeuza ule mlio kuwa habari.

Kipo kipimo cha maneno pia. Idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, ambayo huku kila mtu huiita VA, hutumia orodha iitwayo Maryland CNC: maneno mafupi ya Kiingereza, ya silabi moja moja, unayasikiliza na kuyarudia. Ni hatua mbele. Tatizo ni kwamba maneno hayo nayo husomwa katika kimya. Na hakuna aliyekuja kulalamika kwamba anapata shida kwenye kimya.

Sita na tisa

Niruhusu nikae kidogo kwenye ile saa ya posa, kwa sababu ndani yake mna somo zima.

Chukua neno sita na neno tisa. Irabu ni zilezile, i halafu a, na mkazo uko palepale. Kinachoyatenganisha ni kwamba s na t zimebadilishana nafasi. Sasa, katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu. Zina sauti nzito, zinasafiri mbali, zinapenya ukuta. Konsonanti kama s, t, f, k na sh ni pumzi tu na vishindo vidogo. Hazina nguvu, hudumu kitambo kifupi sana, na sehemu kubwa ya sauti yake iko juu, kulekule ambako kelele za vita huharibu kwanza. Mafuta yakichacharika kwenye karai yanatoa sauti inayofanana na s kuliko kitu kingine chochote jikoni. Kilichomfikia shemeji sebuleni kilikuwa "saa", halafu i, halafu a. Ubongo ukajaza.

Ubongo hujaza kila siku, kwa watu wote. Wewe nami hatusikii kila herufi. Tunakisia kutokana na muktadha, na kwa kawaida tunapatia. Mtu akikwambia "nimekunywa ch..." halafu pikipiki ikapita, unajua ni chai. Lakini muktadha haukuweza kumwokoa shemeji, maana saa sita na saa tisa zote ni saa za wageni kuja. Alikisia, akakosea, na hakujua kwamba amekisia. Hapo ndipo watu wengi wa familia wanaposhindwa kuelewa. Yeye hakusema uongo aliposema "nimesikia". Kwa upande wake, alisikia saa tisa, wazi kabisa.

Lugha nayo inaingia. Watafiti wameshaonyesha mara nyingi kwamba mtu aliyejifunza lugha ya pili ukubwani anaweza kuifuata vizuri kabisa mahali patulivu, ila kelele zikianza anaporomoka haraka kuliko mzawa wa lugha hiyo, hata kama masikio yao yako sawa. Shemeji alilelewa kwa Kiswahili. Kazini kwake ghalani wanaongea Kiingereza cha Texas, juu ya sauti ya magari ya kupakia mizigo. Huko anachoka mara mbili. Kwa maveterani wenzake waliozaliwa huku mzigo huo wa pili haupo, na wahudumu wengi hawaukumbuki. Kanuni za fidia za VA, angalau, zinaukumbuka: mpimaji akiona kwamba kipimo cha maneno hakifai kwa mtu fulani, mathalani kwa sababu ya lugha, anaweza kuthibitisha hivyo kwa maandishi, na hesabu ikafanywa kwa milio peke yake. Mswahili anayepimwa anastahili kulijua hilo kabla hajaingia kibandani.

Baruti inavyoharibu bila kuacha alama

Mazungumzo ya kawaida yana desibeli kama 60. Kishindo cha bunduki ya askari, mdomoni mwa bunduki, kinapita desibeli 150, na mizinga inapanda zaidi ya hapo. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Kwa kelele za ghafla, jeshi la Marekani limeweka mpaka wa desibeli 140 ambao ukivukwa lazima masikio yazibwe. Mazoezini hilo linawezekana. Vitani, mtu aliyeziba masikio hasikii mwenzake akimwonya, kwa hiyo wengi huchagua kubaki hai kwanza.

Sauti ikifika ndani ya sikio, inaingia kwenye mfereji uliojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo. Zile zinazopeleka habari kwenye ubongo ni kama 3500 tu kwa kila sikio, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba seli zikiwa hai, sikio limepona. Ukitoka kwenye mlipuko masikio yameziba, kesho yake yamefunguka, basi hakuna hasara.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walitikisa imani hiyo. Waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya muda vipimo vya panya wale vilirudi kuwa vizuri na seli zao zilikuwa hai. Lakini walipotazama kwa darubini pale seli inapokutana na neva, waliona kwamba katika baadhi ya sehemu karibu nusu ya maungio yalikuwa yamepotea. Sikio lilinasa mlio mdogo kama zamani, ila njia za kupeleka habari zilikuwa zimepungua. Mfano ninaoupenda ni simu kwenye mtandao dhaifu. Inaita, jina la mpigaji unaliona, unapokea, halafu maneno yanakatikakatika. Anayeuliza "je, simu imeita?" ataandika kwamba simu ni nzima.

Kwa binadamu huwezi kufungua sikio la mtu aliye hai ukahesabu maungio. Lakini Portland, Oregon, kuna kituo cha utafiti wa usikivu cha VA, na watafiti wake waliwapima maveterani vijana wenye chati nzuri kwa kunasa umeme mdogo unaotoka kwenye neva ya sikio. Wale waliopitia kelele nyingi jeshini walitoa mshtuo dhaifu kuliko wasiopitia. Ni kiasi gani cha shida ya kusikia kwenye kelele kinatokana na hapo, wanasayansi bado wanabishana, na ni haki wabishane.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Bomu lililotegwa barabarani halitoi sauti tu. Linatoa wimbi la mgandamizo linalopita mwilini mzima. Tangu mwaka 2000, wanajeshi wa Marekani zaidi ya laki nne wameandikiwa kuwa na jeraha la ubongo, mengi yakiwa ya daraja dogo, yale ambayo mtu huinuka, hujipangusa vumbi, akaendelea na safari. Mwaka 2012 timu ya Frederick Gallun, ikifanya kazi kati ya Portland na hospitali ya jeshi ya Walter Reed, ilichapisha matokeo ya askari waliokumbwa na milipuko. Chati zao za milio zilikuwa nzuri au karibu na nzuri. Walipopewa kazi ngumu zaidi za kusikiliza, kama kufuata maneno tofauti yanayoingia kila sikio kwa wakati mmoja, wengi wao walishindwa kuliko askari ambao hawakupitia mlipuko.

Kazi hiyo si ya mchezo. Ili umtofautishe shangazi anayeongea kulia kwako na televisheni iliyo kushoto, ubongo unapima tofauti ya muda ambao sauti imefika kila sikio, tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waya ukilegea kidogo hapo, shangazi na televisheni wanakuwa uji mmoja.

Na kuna mambo mengine yanayokaa juu ya hayo. Mlio usiokoma masikioni, kama nyenje wa usiku, ndio ulemavu unaolipwa kwa watu wengi kuliko wote katika VA: zaidi ya maveterani milioni 2. Upotevu wa usikivu nao una zaidi ya milioni 1. Kuna kiwewe cha vita. Shemeji akiingia mgahawani huchagua kiti cha kona, mgongo ukutani, macho mlangoni. Nusu ya akili yake inalinda mlango. Nusu iliyobaki ndiyo anayotaka kukusikiliza nayo. Kuna kukosa usingizi. Nilijaribu kwa muda mrefu kutenganisha lipi ni la sikio, lipi la ubongo, lipi la moyo, nikaona mwishowe kwamba ndani ya mtu mmoja hayatengani. Ndiyo maana anayetibiwa kiwewe bila kuulizwa anasikiaje darasani au kanisani, na anayepewa kifaa cha sikio bila kuulizwa analalaje, wote wanarudishwa nyumbani na nusu ya dawa.

Watu huniuliza pia kuhusu vizibo vya masikio vya kampuni ya 3M, vile vyenye ncha mbili walivyopewa wanajeshi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Maveterani wengi walishtaki wakisema havikukaa vizuri sikioni, na Agosti 2023 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 6.01 kumaliza kesi hizo, bila kukiri kosa. Fedha ni haki yao wanaozipata. Hazirudishi herufi s.

Milango miwili

Wengi wanapotelea hapa. VA ina milango miwili na watu huidhania mmoja. Mlango wa kwanza ni wa fidia. Huko kuna mipaka ya kisheria ya kilichoitwa ulemavu wa kusikia: mlio wowote kati ya mitetemo 500 na 4000 uhitaji kufikia desibeli 40 ndipo usikike, au angalau milio mitatu ihitaji kufikia 26, au alama za yale maneno ya kwenye kimya ziwe chini ya asilimia 94. Usipofika hapo, fidia ya usikivu hupati, hata kama hujawahi kufuata mazungumzo ya harusini kwa miaka kumi. Kwa maoni yangu sheria hiyo inapima kitu halali kisha inakipa jina lisilo lake, na maveterani wanaendelea kuumia kwa ajili ya jina hilo.

Mlango wa pili ni wa kliniki, na huo hauulizi asilimia. Mstaafu aliyesajiliwa kwa matibabu anaweza kwenda kwa mtaalamu wa usikivu akaomba msaada wa shida yake, chati iwe vyovyote. Shemeji alinyimwa kwenye mlango mmoja akaamini ameshafungiwa yote miwili. Alikaa miaka minne hivyo.

Aliporudi, nilimwandikia kwenye simu maneno ya kusema, kwa sababu maneno ni muhimu. Usiseme "sisikii vizuri", maana watakurudisha kibandani na chati itatoka nzuri kama ya kwanza. Sema: nasikia sauti lakini sielewi maneno kunapokuwa na kelele. Sema ni wapi, na nani, na unafanya nini ikitokea. Taja milipuko uliyokaribiana nayo, hata ile uliyoinuka ukaendelea. Omba upimwe kusikia usemi ndani ya kelele. Na nenda na mkeo au mumeo, maana anayeishi nawe anajua mambo ambayo wewe mwenyewe huyajui kwa kuwa hukuyasikia.

Msaada upo. Wataalamu wengi sasa huwapa watu wa namna hii vifaa vya masikioni vinavyopandisha sauti kidogo tu na kuelekeza usikivu mbele, kwa anayeongea nawe. Si kila mtu hufaidika, lakini wengi wanaovijaribu huvipenda. Chenye nguvu zaidi kwa ushahidi nilioukuta ni kitu cha kawaida sana: maikrofoni ndogo anayoivaa msemaji shingoni au kuwekwa mezani, ikipeleka sauti moja kwa moja sikioni mwa msikilizaji. Jaribio lililofanywa kwa maveterani wa milipuko lilikuta njia hiyo inawasaidia katika maisha ya kila siku, ilhali mazoezi ya kusikiliza kwa kompyuta hayakuonyesha faida kubwa. Sababu yake ni ya fizikia tu. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na sikio mahali pa wazi, sauti inaongezeka desibeli 6, na kelele ya chumba inabaki palepale. Maikrofoni iliyo karibu na mdomo imeufuta umbali wote.

Kwa mlio wa masikioni hakuna dawa ya kuuzima, na anayekuuzia matone ya kuuzima anakuibia. Kuna namna za kuupunguzia ukali: sauti laini ya nyuma wakati wa kulala, na mazungumzo ya tiba yanayomfundisha mtu kuacha kupigana nao. Na hapo hapo niseme jambo la dharura: sikio likizima ghafla, hasa la upande mmoja, usisubiri mwezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kuwa matibabu yake yanategemea kuwahi.

Inanisikitisha kwamba haya yote si mageni. Taaluma nzima ya kuwasaidia watu kusikia ilipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika hospitali za jeshi kama Deshon iliyokuwa Butler, Pennsylvania, ambako Raymond Carhart alifanya kazi. Askari walikaa huko wiki kadhaa. Walipewa kifaa, ndiyo, lakini pia walifundishwa kusoma midomo, walifanya mazoezi ya kusikiliza, wakajifunza pamoja na wenzao namna ya kuishi hivyo. Walimfundisha mtu, hawakumkabidhi mashine na karatasi. Sehemu ile ya darasa ilipungua kadiri mashine zilivyoboreka, na ndiyo hasa anayoihitaji mtu kama shemeji.

Namfikiria pia baba yetu mkubwa, aliyekuwa kikosi cha mizinga kwenye vita vya Kagera, 1978 na 1979. Roketi zilizorushwa na upande wetu Waganda walizipa jina la Saba Saba, na hadi leo wazee wa kule wanazitaja kwa jina hilo. Tulikuwa tukizungumzia waliokuwa wanapokea zile roketi. Hatukuwahi kuwauliza waliokuwa wamesimama kando yake zikiruka. Baba mkubwa alijulikana ukoo mzima kwa ukali na kwa kuongeza redio hadi mwisho, na sisi watoto tulikuwa tukimkimbia. Kifaa cha shingoni hakikuwepo. Lakini mtu wa kukaa naye mbele ya uso, kivulini, redio ikiwa imezimwa, tulikuwa naye kila siku, wengi tu.

Nyumbani

Kwa dada mambo yalianza kubadilika siku shemeji alipompeleka kliniki na mtaalamu akamchezea kanda ya kelele ili asikie mumewe anavyopata maneno. Alitoka kimya. Jioni ile aliizima feni ya jikoni kabla ya kumwita.

Sasa wana taratibu zao. Hakuna anayeanza habari akiwa chumba kingine. Unakwenda, unamgusa bega au unamwita jina, unangoja akutazame. Bega lazima liguswe kwa mbele, maana kumgusa askari kwa nyuma ni jambo jingine. Televisheni ikiwa inaongea, watu hawaongei. Kwenye shughuli shemeji anakaa kona, ukuta nyuma yake, na hilo sasa linasaidia mambo mawili, kwa kuwa kelele za nyuma zinakatwa na mlango anauona. Kila baada ya saa moja hivi anatoka nje dakika kumi, na mashangazi wameshaambiwa kwamba hajanuna. Kusikiliza kwa kukisia kunachosha kama kubeba gunia, na ikifika usiku hata Kiswahili kinamponyoka.

Kupiga kelele wameacha. Ukimpigia mtu kelele, irabu ndizo zinazokua, s na t zinabaki palepale pumzi tupu, na kwa wengine waliopitia milipuko sauti kali inachoma. Afadhali uongee polepole kidogo, na asipokuelewa, ubadilishe maneno. Ukirudia sentensi ileile mara tatu unampa mtihani uleule alioshindwa. Watoto wamelishika hilo kuliko wakubwa. Na shemeji naye, kwa upande wake, ameacha kusema "sawa" na "nimesikia". Anarudia alichokipata: "Umesema Ijumaa, kwa mama Rehema?" Ilimchukua muda, kwa sababu kurudia kwa mwanamume mbele ya wakwe kunaonekana ni udhaifu, ingawa jeshini kilikuwa kitu cha kawaida kabisa kwenye redio za mawasiliano. Nilipomkumbusha hilo la redio, alicheka, akaona si aibu tena.

Harusi iliyotokana na ile posa ilikuwa Agosti. Asubuhi yake dada alitoka jikoni, akafuta mikono, akasimama mbele ya mumewe.

"Gari la bibi harusi linakuja saa sita," akasema. "Adhuhuri. Jua la utosi."

"Adhuhuri," akasema shemeji, akachukua funguo.